Nunua Kinachokwisha, Azima Kinachobaki

Wazazi wenzangu, kila likizo inapokaribia, au mvua inapokata njia, au mtoto anapougua kwa muda mrefu, swali linalosikika ni lile lile: "Nimnunulie nini ili asome nyumbani?" Nimeulizwa swali hilo mara nyingi na akina mama wa mtaani kwetu, maana wanajua ya kuwa mwaka 2020 nyumba yetu iligeuka darasa kwa zaidi ya siku mia moja. Mimi si mwalimu. Ni fundi cherehani hapa Tengeru, mkoani Arusha, na mume wangu ni dereva. Lakini yale tuliyojifunza siku zile yalitufaa sana, tena kwa fedha kidogo, nami naona si vema kukaa nayo peke yangu.

Neno lenyewe ni fupi: nunua kinachokwisha, azima kinachobaki, na cha kuhesabia kitengeneze mwenyewe. Nitaeleza moja moja.

Kwanza niondoe shaka. Sisemi watoto watolewe shuleni. Sheria ya Tanzania inamtaka mzazi amwandikishe mtoto wake shule ya msingi na kuona kwamba anahudhuria, na hilo ni jambo jema. Nasema juu ya siku zile ambazo mlango wa shule umefungwa au mtoto hawezi kuufikia. Siku hizo si chache kama tunavyodhani. Mwezi wa Aprili na Mei mwaka 2024 wenzetu wa Kenya waliahirisha kufungua shule kwa sababu ya mafuriko. Basi mzazi mwenye busara hujiweka tayari kabla ya siku kufika.

Na sasa nisimulie ya mwaka 2020. Tarehe 16 Machi mgonjwa wa kwanza wa Korona katika nchi yetu alitangazwa, naye alipatikana hapa hapa Arusha. Kesho yake ikatangazwa kwamba shule zifungwe kwa siku 30. Siku hizo zikapita, na shule hazikufunguliwa. Wanafunzi wa kidato cha sita na wa vyuo walirudi tarehe 1 Juni, na shule nyingine zote zikafunguliwa tarehe 29 Juni. Tangu 17 Machi mpaka 29 Juni ni siku 104. Hata hivyo sisi tulikuwa na nafuu. Huko Kenya watoto wengi walikaa nyumbani mpaka Januari 2021, na Uganda shule hazikufunguliwa kwa watoto wote mpaka tarehe 10 Januari 2022, yaani karibu miaka miwili.

Nyumbani kwetu walikuwapo watoto watatu. Binti mkubwa alikuwa darasa la saba, na mtihani wake wa kumaliza ulikuwa mwaka ule ule. Kijana wa kati alikuwa darasa la nne, na darasa hilo nalo hupimwa kitaifa mwisho wa mwaka. Mdogo alikuwa darasa la pili. Tena alikuwapo mjukuu wa bibi jirani yetu, naye wa darasa la pili, ambaye bibi yake hakujua kusoma. Hatukuweza kumwacha akichungulia dirishani hali wenzake wanasoma. Hivyo wakawa wanne.

Fedha zilikuwa taabu. Mume wangu alikuwa akiendesha magari ya watalii, na watalii walikoma kuja. Aliambiwa akae nyumbani bila mshahara. Nami nilipata nguo chache za kushona, maana harusi na sherehe zilisimama. Jioni moja nikaleta habari ya vifaa vya masomo.

"Mama watoto," akasema, "unga kwanza."

"Baba, unga ni kwanza kweli," nikamjibu. "Lakini huyu binti ana mtihani Oktoba. Unga tutaununua tena mwezi ujao, lakini darasa la saba halirudi mwezi ujao."

Akanyamaza kitambo, kisha akauliza, "Wataka kiasi gani?" Tukakubaliana shilingi 30,000 kwa watoto wote wanne, na isizidi hata senti moja. Ndipo nilipolazimika kufikiri vizuri kitu gani kinafaa kununuliwa.

Nilikwenda duka la steshenari, na huko nikaona vitu vingi vya kupendeza: chati za wanyama zenye rangi, mikoba yenye picha, seti za herufi za plastiki, vitabu vya kupaka rangi. Nikajiuliza swali moja tu juu ya kila kitu: Je, mtoto atakitumia kikaisha, au atakitazama kikabaki? Chati ya wanyama mtoto huitazama siku mbili, siku ya tatu imekuwa pambo la ukuta. Daftari halitazamwi, bali huandikwa. Likijaa, kuna kazi imefanyika. Kwa hiyo nikanunua hivi: madaftari 24 kwa shilingi 10,000, penseli dazeni mbili kwa 3,000, kalamu za wino 12 kwa 2,500, boksi la chaki 2,000, vichongeo na vifutio 1,500, rula tatu 1,500, mkebe mmoja wa darasa la saba 2,500, na betri za redio 2,000. Jumla 25,000. Isipokuwa rula na mkebe, vyote hivyo ni vitu vya kutumika vikaisha. Shilingi 5,000 zilizobaki nikazifunga kwenye kitambaa.

Na kweli zile 5,000 zilifaa. Katika majuma matatu ya kwanza penseli zilikwisha mbio kuliko nilivyotazamia. Mtoto anayejifunza kuandika hubonyeza sana, huvunja ncha, huchonga tena, na penseli mpya huwa kipande kwa siku chache. Mume wangu akaonyesha dawa: kipande kikiwa kifupi, hukichomeka ndani ya mrija wa kalamu ya wino iliyokwisha, nacho hushikika tena vizuri. Hata hivyo ilinibidi kununua dazeni nyingine. Fedha iliyosalia tulitolea kopi za mitihani iliyopita ya darasa la saba.

Tuliweka vyote katika tranka la bati nililokwenda nalo shule ya bweni nikiwa msichana, kwa kuwa panya na unyevu ni adui wa karatasi. Ufunguo nilikaa nao mimi. Tukaweka sheria: mtu hapewi daftari jipya mpaka alete la zamani, limejaa hata ukurasa wa mwisho. Hapewi penseli mpya mpaka arudishe kipande. Mwanzoni kijana wa kati alinung'unika, akasema mama yake amekuwa karani wa bohari. Lakini sheria ile ilinisaidia kuliko nilivyodhani. Kila daftari liliporudi nililipitia, nikaona hesabu gani zimerudiwa mara tatu na bado hazijakaa sawa. Daftari lililojaa lilinieleza habari za mtoto kuliko mtoto mwenyewe.

Hayo ni ya kununua. Sasa kuazima. Kitabu ni kitu kinachobaki. Watoto kumi wakikisoma, maneno hayapungui. Kwa nini basi kila nyumba inunue kitabu kile kile? Sisi akina mama watano wa mtaa mmoja tulikaa chini ya mwembe, kila mmoja akataja vitabu alivyo navyo. Mmoja alikuwa na Hisabati ya darasa la nne, mwingine Sayansi ya la saba, mimi nilikuwa na kamusi ya Kiswahili na vitabu viwili vya hadithi. Tukaandika orodha katika karatasi moja. Kitabu kilikaa nyumba moja siku tatu, kisha kikahamia nyingine. Kabla ya kushika kitabu kila mtoto alinawa mikono kwa sabuni, kwa ajili ya ugonjwa, na vitabu vikapona na mafuta pia. Mpaka Juni hakikupotea hata kimoja, ingawa kimoja kilirudi bila jalada, na mwenye mtoto akalishona kwa uzi wangu.

Siku hizi kuna kuazima kwa njia nyingine. Taasisi ya Elimu Tanzania ina maktaba mtandaoni ambamo mtu aweza kusoma vitabu vya kiada kwa simu. Ni msaada mkubwa. Lakini simu yetu ilikuwa moja kwa watoto wanne, na baba yao aliihitaji kutafutia kazi za siku moja moja, tena salio halikuwepo kila siku. Basi tuliitumia jioni kwa nusu saa, binti mkubwa akanakili maswali katika daftari, na asubuhi yakawa kazi. Redio nayo ilitusaidia, na kwa jirani mwenye televisheni watoto walitazama Ubongo Kids, vipindi vya hapa hapa Tanzania vilivyoanza mwaka 2014, ambavyo hufundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo na katuni.

La tatu ni kutengeneza. Mtoto wa darasa la kwanza na la pili anahitaji kushika hesabu kwa vidole kabla ya kuishika kwa akili. Hakuna haja ya kununua vitu vya kuhesabia. Tuliokota vizibo vya soda mia moja, tukavichemsha na kuvisugua, tukatoboa matundu na kuvitunga kumi kumi katika waya. Kamba kumi ni mia. Watoto wale wawili walijifunza kukopa na kubeba kwa vizibo vile. Ubao tuliupata kwa kipande cha plaiwudi kilichotoka kwenye kabati bovu, mume wangu akakipaka rangi nyeusi mara mbili. Kwa kujifunza herufi tulitumia sinia na majivu makavu yaliyochekechwa: mtoto huandika kwa kidole, hutikisa sinia, huandika tena. Herufi moja yaweza kuandikwa mara hamsini bila kumaliza hata ukurasa mmoja.

Kijana wa darasa la nne alijifunza sentimita na mita kwa futi yangu ya ushonaji. Alipima meza, mlango, migomba, na hata mbuzi wa jirani, ambaye hakupenda. Na binti mkubwa tulimkabidhi daftari la matumizi ya nyumba. Siku za soko hapa Tengeru alikwenda nami. Tukirudi, alifanya hesabu za faida, hasara na asilimia kwa bei za kweli: mwuza nyanya amenunua ndoo kwa kiasi gani, ameuza fungu kwa kiasi gani, amebaki na nini. Siku moja aliniambia, "Mama, yule mama wa nyanya hapati hata shilingi elfu mbili kwa siku." Tangu hapo hakunisumbua tena juu ya mkoba mpya.

Lakini, wazazi wenzangu, sanduku lililojaa vifaa halifundishi lenyewe. Huko Baltimore, nchini Marekani, kuna shule iitwayo Calvert ambayo ilianza mwaka 1906 kupeleka masomo nyumbani kwa posta. Familia zilizokaa mbali, kama za wamisionari na wanabalozi katika nchi za ng'ambo, zilipokea sanduku lenye vitabu, karatasi na penseli. Tena ndani yake palikuwa na kitabu cha mwongozo kilichomweleza mama kazi ya kila siku: leo soma hili, andika lile, kesho endelea na hili. Naamini mwongozo huo ndio uliokuwa moyo wa sanduku. Mama aliyekaa peke yake mbali na kila mtu hakuamka asubuhi akijiuliza aanzie wapi.

Hata sisi tunajua jambo hili. Mwaka 1973 ilipofanywa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wazima karibu milioni mbili walijifunza habari za magonjwa na usafi katika vikundi, kwa redio na vijitabu. Mama yangu mzazi alikuwa katika kikundi kimoja. Husema kwamba vifaa vilikuwa vichache, lakini siku ilijulikana, saa ilijulikana, na kila mtu alijua kipindi kijacho kitazungumza nini. Kwa hiyo watu walifika.

Basi nasi tuliandika ratiba katika ukurasa mmoja, tukaubandika ukutani. Saa mbili asubuhi mpaka saa nne na nusu ilikuwa masomo: kusoma, kuandika, hesabu. Kisha uji, kisha kazi za nyumbani. Alasiri saa moja ya kusoma kimya. Zaidi ya hapo hatukudai. Mimi nilishona karibu na dirisha hali nikisikiliza anayesoma kwa sauti, na binti mkubwa aliwafundisha wadogo kwa nusu saa kila siku. Kwa kuwafundisha wengine alijikumbusha mengi ambayo mwenyewe alikuwa ameyasahau.

Nataka niwaambie jambo moja ili mjue kwa nini nasema habari hizi kwa mkazo. Katika juma la pili nilimpa yule mdogo wetu kitabu chake cha kusoma. Akasoma ukurasa mzima bila kusita, kwa sauti nzuri. Nikafunika picha kwa mkono wangu, nikamwonyesha neno moja katikati ya mstari. Akanyamaza. Nikaonyesha jingine. Akanitazama, machozi yakamlenga. Kumbe ukurasa ule aliukariri kwa kuwasikia wenzake darasani, wala hakusoma hata neno moja. Na mjukuu wa bibi alikuwa vivyo hivyo. Tangu mwaka 2015 madarasa ya kwanza na la pili yamewekewa mkazo katika kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani zile KKK, nao walimu hujitahidi. Lakini darasa likiwa na watoto wengi, mtoto mwenye sikio jepesi aweza kupita katikati yao bila kuonekana.

Hapo ndipo sinia la majivu na boksi la chaki vilipofanya kazi kubwa. Tulianza upya: ba, be, bi, bo, bu. Herufi, silabi, neno. Tuliandika maneno ya vitu vilivyo mbele yao, kuku, sufuria, mlango, kwa chaki juu ya vitu vyenyewe, mpaka nyumba yote ikawa na maandishi kama gazeti. Kuku tu ndiye aliyekataa kuandikwa. Siku nyingine walisonga mbele silabi tatu, siku nyingine walirudi nyuma. Mwezi wa Juni ulipoanza, niliandika ubaoni sentensi ambayo haikuwa katika kitabu chochote: "Bibi anapika maharage leo jioni." Mjukuu aliisoma polepole, akaacha chaki, akakimbia kwa bibi yake kuuliza kama ni kweli. Bibi alikuwa akichagua maharage. Tangu siku ile alimwita mjukuu wake kila alipopata barua au karatasi ya dawa, amsomee.

Kwa hiyo siku hizi tranka letu halikai tupu, ingawa shule zimefunguliwa zamani. Kila mwisho wa muhula tunalifungua na kuhesabu kilichomo. Mkitaka kuanza, mwaweza kufanya hivi. Kwa kila mtoto wekeni madaftari manne, penseli sita, kalamu za wino mbili, kifutio na kichongeo. Kwa nyumba nzima boksi moja la chaki, ubao mdogo, rula, mshumaa au taa, na betri za redio. Nunueni dazeni pamoja na jirani mgawane, maana bei ya dazeni ni nafuu kuliko ya moja moja. Msingoje juma la kufungua shule, wakati maduka yamejaa watu na kila mmoja ana haraka. Tieni shilingi chache kando kwa ajili ya penseli, kwa kuwa ndizo zitakazokwisha kwanza. Andikeni orodha ya vitabu vilivyomo mtaani, na jina la kila mwenye kitabu. Na juu ya vyote wekeni karatasi moja yenye saa za masomo, na jina la mtu mzima atakayekaa na watoto saa hizo, awe baba, mama, shangazi au kaka mkubwa.

Asiye na shilingi 30,000 aanze na daftari moja, penseli moja na sinia la majivu. Kisha amfunikie mtoto picha kwa mkono, amwonyeshe neno moja katikati ya mstari, na asikilize.